Soksi Zilizopigwa Pasi

Jumatatu, 4 Machi

Muuguzi wa zahanati amesema mtu mmoja nyumbani awe anaandika kila siku: mgonjwa amelala saa ngapi, amekula nini, amesema nini. Mama akamtazama mjomba, mjomba akamtazama mama, kisha wote wawili wakanigeukia mimi. Katika ukoo huu ukivaa miwani tu umeshakuwa katibu.

Basi naandika. Mgonjwa ni kaka yangu, ana miaka ishirini na minne. Ametumia methi, dawa ya kulevya, vile vipande vyeupe vinavyofanana na chumvi ya mawe, kwa karibu miaka miwili. Sisi tulijua wiki tatu zilizopita, alipoanza kumshutumu mama kwamba amewaficha watu ndani ya tenga la nguo chafu na kwamba wanamsengenya. Jana alikaa kimya kutwa nzima, jioni akasema mwenyewe, "Mama, nipeleke zahanati. Sijiwezi."

Mama ni dobi. Nyumba yetu ina vyumba vinne, viwili vya binadamu na viwili vya nguo, na mvua zikianza nguo huvamia hata vile vya binadamu. Kaka ndiye mpiga pasi. Mtaa mzima unamwita Umeme, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumaliza mashati kwa kasi kama yake. Mimi niko kidato cha tatu na kazi yangu hapa ni kushona alama: kila mteja ana rangi yake ya uzi, nashona kishono kimoja ndani ya kola ili shati la mwalimu mkuu lisiende kwa muuza nyama.

Muuguzi anasema hakuna kidonge cha kushika nafasi ya methi. Dawa ni usingizi, chakula, maji, kwenda zahanati kila Jumatatu, na watu wa nyumbani wenye subira.

Aliposema hilo la mwisho nilimtazama mama. Alikuwa anaangalia saa ya ukutani.

Jumanne, 5 Machi

Mjomba, kaka yake mama, dereva wa lori mstaafu, amehamia kwetu "mpaka vita iishe". Amekuja na ndoo tatu, kamba ya katani na kufuli.

"Kufuli la nini, mjomba?"

"Wewe Profesa hujawahi kuona mtu akiacha unga. Mimi nimeona. Atatapika, atapiga mayowe, atataka kuvunja mlango. Ndoo ya kwanza ya kutapikia, ya pili ya maji, ya tatu ya akiba."

"Lakini hii ni methi, siyo unga wa heroini, mjomba. Muuguzi alisema..."

"Huyo muuguzi ana umri gani?"

Huwa sijibu. Jibu zuri hunijia baada ya saa mbili, nikiwa peke yangu.

Jumatano, 6 Machi

Amelala.

Alhamisi, 7 Machi

Amelala. Mvua.

Ijumaa, 8 Machi

Amelala. Aliamka saa saba mchana, akala mkate mzima na mayai matano huku jicho moja limefumba, akarudi kitandani. Mjomba amekaa mlangoni na ndoo zake kama mtu aliyekata tiketi ya mpira, mechi ikaahirishwa.

Jumapili, 10 Machi

Kaka ameamka, ameoga, ameomba chai. Mama ameangua kilio cha furaha, kisha akatoka nje na kumtangazia jirani juu ya ukuta kwamba kijana amepona, kumbe ulikuwa uchovu tu na makundi mabaya.

"Siku tano!" mjomba alisema, akikunja kamba yake. "Vijana wa siku hizi hata ulevi wao ni wa mzaha."

Nilikuwa nataka kuwasomea karatasi ya maelekezo aliyotupa muuguzi, mahali palipoandikwa kwamba usingizi ni mwanzo tu. Niliiweka mezani ambapo wote wangeiona. Mama akaweka sufuria ya moto juu yake.

Alhamisi, 14 Machi

Anakaa. Sijui niandike nini kingine. Anakaa kwenye kiti chini ya mashuka mabichi yaliyoanikwa sebuleni, anatazama ukuta. Nilimuuliza kama anataka redio. "Sijui." Kitabu? "Sijui." Maji? "Sijui." Mtu anawezaje kutojua kama ana kiu?

Nimefanya kazi ya nyumbani ya hesabu chini ya suruali ya askari inayochuruzika. Mwalimu ameuliza kwa nini daftari langu limevimba. Nimesema mvua. Angalau huo ni ukweli.

Jumatatu, 18 Machi

Zahanati asubuhi. Muuguzi alimpima uzito (ameongezeka kilo tatu), akatazama vidonda vya mikononi alivyokuwa akijikuna, akasema vinafunga. Kaka akasema kila kitu kimekosa ladha, chakula kama karatasi, watu kama karatasi. Muuguzi akasema ubongo wake umezoea kupigiwa ngoma kubwa, sasa hausikii filimbi. Masikio yatarudi, lakini ni miezi. Mama alirudia neno hilo njia nzima, kama mtu aliyeuziwa kiatu kisichomfaa. "Miezi. Miezi, jamani."

Mchana jua lilichungulia kidogo, nguo zikakauka kidogo, mama akamsimamisha kaka mezani. Alipiga pasi foronya mbili. Ya tatu ikaungua. Akaitazama ikitoa moshi kana kwamba ni ya nyumba nyingine.

"Umeme gani huu," mama alisema, "wa kukatikakatika?"

Mjomba alicheka. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Kaka aliweka pasi chini, akaenda kulala. Foronya ya muuza dawa za mifugo sasa ina alama ya pasi, nyeusi, iliyo kamili kabisa, mpaka matundu ya mvuke yanahesabika.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Hakuoga. Nimemwambia ananuka. Akasema nyumba nzima inanuka. Ni kweli, lakini inanuka sabuni.

Jumamosi, 23 Machi

Leo mama na mjomba walikwenda kupeleka nguo, nikabaki naye. Nilikuwa nashona alama. Akasema, bila kunitazama, "Sioni faida ya kuamka."

Karatasi ya muuguzi ina mstari juu ya hilo. Imeandikwa kwamba akisema maneno ya namna hii, usizungukezunguke, muulize wazi, swali haliwezi kumtia wazo ambalo hakuwa nalo. Nilikuwa nimeisoma mara tatu. Lakini kuisoma ni kitu kimoja. Mimi ni mtu ninayeshuka kituo kinachofuata kwa kuona haya kumwambia kondakta ashushe. Nilijichoma sindano mara mbili kabla sauti haijatoka.

"Kaka, unafikiria kujiua?"

Akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki mbili ananitazama usoni.

"Nani kakufundisha kuuliza hivyo?"

"Karatasi."

Akasema, "Mwanzo nilifikiria. Zile siku kabla ya zahanati. Sasa hivi hapana. Sasa hivi nafikiria kulala tu, mdogo wangu. Na wewe unapiga kelele na huo uzi."

"Uzi haupigi kelele."

"Kwangu unapiga."

"Ukifikiria tena utaniambia?"

"Nitakwambia."

"Uape."

"Naapa. Niache sasa."

Nimehamia jikoni na uzi wangu. Nilishona na kufumua kola ile ile mpaka waliporudi. Mama aliniuliza kwa nini sijaloweka kola. Nilimwambia yote. Akakaa juu ya tenga, kisha akainuka akaloweka kola mwenyewe.

Jumatatu, 25 Machi

Nimemwambia muuguzi pia, mbele ya kaka. Akaniambia nimefanya vizuri. Kaka akasema, "Usimsifie sana, atazidi kuuliza."

Alhamisi, 28 Machi

Leo amesema zaidi ya maneno kumi, kwa hiyo nayaandika yote.

Tulikuwa tunahamisha nguo kutoka kamba ya nje kwenda ya ndani, mara ya nne kwa siku moja, kwa sababu mvua ya mwaka huu ina tabia ya kusubiri umalize kuanika. Nilimuuliza alianzaje. Nilitegemea kusikia habari za marafiki wabaya.

"Mvua za mwaka juzi," alisema. "Unakumbuka yale makoti ya hospitali? Mia na kitu, na hayakauki. Jamaa mmoja wa pikipiki akaniambia, kuna kitu hiki, utasimama mpaka asubuhi. Nikasimama. Asubuhi mama akaamka akakuta makoti yote yako mezani, yamekunjwa. Unakumbuka alisemaje?"

Nakumbuka. Alimwita jirani aje aone. Mjomba alipiga simu kutoka njiani, ndani ya lori lake, kumpongeza. Jina la Umeme lilianzia pale. Mimi mwenyewe niliandika insha shuleni, "Mtu Ninayemhusudu", nikapata alama za juu.

"Nilipoacha kwa wiki moja," kaka akaendelea, "mama aliniuliza kama naumwa. Kila mtu akawa na sura ndefu. Nikarudi. Nyuso zikafunguka."

"Kwa hiyo ni kosa letu?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema hivyo hivyo."

"Nimekujibu ulichoniuliza! Shika huu upande."

Mwalimu wa lugha alitufundisha kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Hakutwambia mpiga pasi akisifiwa hujitia nini.

Nimekasirika kutwa nzima. Nimekasirika kwa sababu kesho nina mtihani wa kemia na nilitaka kichwa kitupu. Nimekasirika zaidi kwa sababu ile insha ilikuwa nzuri.

Ijumaa, 29 Machi

Kemia: vibaya.

Jumamosi, 6 Aprili

Jamaa wa pikipiki alikuja getini, akapiga mluzi. Kaka alikuwa chooni. Nikatoka mimi, mwavuli mkononi.

"Umeme yupo?"

Sijui neno lilitoka wapi. "Yupo, lakini ana upele. Daktari amesema unaambukiza hata kwa kusalimiana. Umeshika geti?"

Alikuwa ameshika geti. Aliondoka akijifuta mkono kwenye suruali.

Kaka alikuwa amesimama nyuma ya shuka, amesikia. Alikuwa anatoka jasho, meno yameumana. Akaniambia nimsemeshe chochote, haraka, mpaka hamu ipite. Nilimsomea sura nzima ya kitabu cha jiografia kuhusu udongo. Ilichukua dakika ishirini na tano. Mwishoni akasema, "Hicho kitabu kibaya sana," akaenda kuosha uso.

Jumatano, 10 Aprili

Amepiga pasi mashati manne. Polepole, lakini yamenyooka. Mama hakusema kitu. Kwa mama kutosema kitu ni lawama.

Jumatatu, 15 Aprili

Mama Gesti, mwenye nyumba ya wageni ya barabarani, amekuja na mashuka sitini. Mashine yake ya kufulia imeharibika na ana wageni wa semina. Anayataka Jumamosi. Akiridhika, kazi yake yote itakuwa yetu.

"Dada, mvua hii," mama alianza.

"Si unaye Umeme? Mji mzima unajua wewe unaye Umeme."

Mama akanyoosha mgongo. Nilimwona kwa macho yangu akinyoosha mgongo. "Ninaye," akasema.

Baada ya mgeni kuondoka nilisema muuguzi ameagiza kaka afanye kazi saa mbili tu kwa siku. Nilisema kwa sauti ndogo, lakini nilisema. Mjomba akanijibu kwamba muuguzi hafui mashuka. "Kijana amepumzika wiki sita. Hata lori likipumzika sana betri hufa."

Kaka alikuwa mezani, anasikia. Akasema, "Nitajaribu, mama." Mama akamshika shavu.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua. Mashuka yamejaa kila mahali, unatembea ndani ya nyumba kama umepotea katika mawingu. Kaka alipiga pasi mashuka sita, akakaa chini, akainama. Mama aliuambia ukuta, "Zamani sita ilikuwa kabla ya chai." Ukuta haukujibu. Wala mimi, kama kawaida yangu.

Ijumaa, 19 Aprili

Kaka ameamka! Nilipotoka shule mashuka arobaini yalikuwa yamekunjwa, kingo kwa kingo, kama vitabu vipya. Anaongea, anatania. Amenibeba mgongoni mpaka jikoni na miaka yangu kumi na sita. Mama anaimba. Mjomba amechukua ndoo zake tatu, akapanda miche ya nyanya ndani yake, anasema vita imekwisha. Nimeandika AMEPONA na nimepiga mistari miwili chini yake.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimefuta.

Nitaandika kwa utaratibu. Asubuhi nilifungua kabati kutafuta soksi. Soksi zangu zilikuwa zimepigwa pasi. Jozi zote tano. Kila moja ilikuwa na mkunjo mmoja mkali katikati, kuanzia vidoleni hadi juu, kama suruali ya bwana harusi.

Nilisimama nazo mkononi kwa muda mrefu. Kwanza nilicheka. Kisha nikaenda jikoni. Vitambaa vya kushikia sufuria: vimepigwa pasi. Tambara la kudekia: limepigwa pasi na kukunjwa mara nne. Mfuko wa vibanio, kanga ya mama ya kuvaa jikoni, gazeti la wiki iliyopita. Gazeti! Lilikuwa limenyooka, na kona moja imekuwa kahawia.

Nikarudi nyuma katika daftari hili. Jana sikuandika saa alizolala. Sikuandika alichokula. Nilikuwa na furaha nikasahau kuandika. Nilikwenda kutazama kitanda chake, kilikuwa kimetandikwa bila mkunjo hata mmoja, hakijalaliwa. Chakula cha jana kilikuwa kimefunikwa, hakijaguswa.

Kaka alikuwa mezani, pasi inakwenda na kurudi, taya linatafuna na mdomoni hamna kitu. Alikuwa ananieleza jambo refu kuhusu kutengeneza meza yenye magurudumu.

Nikakaa kimya kuanzia saa moja hadi saa tano. Hilo naliandika pia. Saa nne nzima nilijua na nilikaa kimya, kwa sababu mama alikuwa anaimba.

Saa tano Mama Gesti akaja kuchukua mashuka. Alipapasa lile la juu, akasema hajaona kazi ya namna hii tangu azaliwe. Mama akasema, "Nilikwambia." Mjomba akasema, "Damu yetu hiyo." Kaka alikuwa anacheka, anatafuna, anacheka. Na mimi nikasikia sauti yangu, kubwa kuliko nilivyopanga.

"Amepiga pasi soksi."

Wakanigeukia.

"Soksi zangu. Na tambara la kudekia. Na gazeti. Hajalala tangu juzi. Hajala. Mama, hajapona, ametumia tena."

Mama Gesti alianza kusoma dari. Mama alinijia haraka mpaka nikadhani atanipiga.

"Wewe! Mbele ya mgeni? Ndugu yako anajikaza, anainuka, wewe unamvuta miguu? Ni wivu huo?"

"Profesa," mjomba akasema, "soma vitabu vyako. Watu tuachie sisi."

"Basi mwambieni anitazame," nikasema. Nilikuwa nalia, miwani imejaa ukungu, sioni mtu, na labda ndiyo maana niliweza. "Kaka, nitazame. Sema hujatumia, nitaomba radhi kwa wote hapa, kwa magoti."

Pasi ilisimama. Aliinua uso kidogo, macho yakaishia kwenye mkono wangu, kwenye soksi niliyokuwa bado nimeishika. Kisha akaipita meza, akanipita mimi, akatoka. Mvua ilikuwa inanyesha na hakuchukua hata koti.

Mjomba aliwahi kuichukua pasi kabla shuka halijaungua. Mama Gesti alisema atatuma mtu kuchukua mzigo. Mama hajasema nami tena.

Jumapili, 21 Aprili

Hajarudi. Mama hasemi nami. Anaweka sahani yangu mezani kana kwamba anamwekea mpangaji.

Jumatatu, 22 Aprili

Hajarudi. Mjomba amezunguka mji mzima kwa miguu, magoti yamemvimba. Jioni aliniita. "Lile gazeti liko wapi?" Nikampa. Alilikunjua, akatazama ile kona ya kahawia. "Mimi nililisoma," akasema. "Jumamosi ile ile asubuhi. Nikashangaa tu jinsi lilivyonyooka."

Jumanne, 23 Aprili

Amerudi saa sita mchana, ameloa, kiatu kimoja. Mama alikuwa anakamua nguo uani. Kaka akasimama mbele yake akasema, "Mtoto aliona sawa, mama. Niliona nikishindwa mashuka yale utaniona mzigo. Nilimpigia jamaa Alhamisi."

Mama alibaki ameshika ncha ya suruali ya mtu, maji yanamwagikia miguuni. Nilisubiri apige kelele, nilikuwa nimejiandaa. Akasema, "Ingia, utaugua." Basi.

Amelala. Naandika tena: amelala.

Jumatano, 24 Aprili

Zahanati. Nilidhani muuguzi atakata tamaa nasi. Alifungua ukurasa mpya kwenye kadi, akasema kuanguka hutokea, siku arobaini na sita hazijafutika, ubongo unazo. Kisha akamuuliza mama, "Wiki ile kabla hajaanguka, nyumbani kulikuwa na nini?"

Mama alikunja pindo la kanga yake mara nne.

"Mashuka," akasema.

Jumatatu, 29 Aprili

Amelala saa kumi na nne. Amekula. "Sijui" zimerudi. Nilikuwa nimezisahau, hizi "sijui". Ningeweza kumpiga na daftari.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua. Mjomba amemwahi jamaa wa pikipiki getini na kuzungumza naye kwa lugha ya madereva wa lori. Sitaiandika. Hatarudi.

Jumatatu, 6 Mei

Mama ameniita uani alasiri. "Lete hilo daftari. Nisomee. Maandishi yako ni kama mchwa, sioni."

"Yote?"

"Nimesema nisomee."

Nikasoma. Alikuwa anashona kifungo, hakuinua kichwa. Nilipofika tarehe kumi na nane Machi nilitaka kuruka, akasema, "Mbona umemeza mate? Soma." Nikasoma lile neno la umeme wa kukatikakatika. Nikasoma la sita kabla ya chai.

"Nilisema hivyo?"

"Ndiyo, mama. Uliuambia ukuta."

"Na alikuwepo?"

"Alikuwa amekaa chini pale pale."

Alikata uzi kwa meno. Alisema mama yake alifua mpaka siku aliyojifungua, na siku iliyofuata akafua tena, na hakuna aliyemwambia pole, walimwambia hongera. "Mimi sijui kumpenda mtu aliyekaa," akasema. "Sijafundishwa." Akanirudishia daftari. "Na wewe hukuandika kwamba shati la mwalimu mkuu lilipotea ni wewe uliyekosea uzi."

Kweli sikuandika. Naandika sasa: tarehe kumi na mbili Aprili, nilishona wa kijani badala ya bluu, na muuza nyama amevaa shati la mwalimu mkuu kanisani.

Jumapili, 12 Mei

Matokeo ya muhula: nimeshuka kutoka wa tatu hadi wa kumi na tisa. Kaka aliyatazama kwa muda mrefu, akasema, "Hii ni kwa sababu yangu."

"Kemia ni kwa sababu yako," nikamwambia. "Hesabu ni mimi mwenyewe."

Alicheka. Kicheko kidogo, cha puani, chenye kutu. Nimekitazama vizuri: taya halitafuni.

Alhamisi, 16 Mei

Mashati matano. Amelala mchana.

Jumamosi, 18 Mei

Leo hakukuwa na hata wingu moja. Nguo zote zilikuwa nje kufikia saa tatu, sebule yetu imeonekana ina madirisha.

Saa nne Mama Gesti akaja na gari. Wageni wengine wa semina, mashuka themanini, na baada ya hapo kila wiki, kwa mwaka mzima. Alisema ametafuta madobi wengine, hakuna anayefikia kazi ile. "Nataka mkono ule ule," akasema.

Mjomba alikuwa anamwagilia nyanya zake. Aliacha kumwagilia. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na maneno yangu yote nimeyapanga tayari, safari hii kwa wakati.

Sikuyahitaji. Mama alijifuta mikono, akajifuta tena.

"Dada yangu," akasema, "mvua hii haituruhusu."

Mama Gesti akainua uso, akatazama mbingu. Ilikuwa bluu tupu, jua linachoma, shati la muuza nyama kwenye kamba limeshakuwa kavu kama ubao. Akamtazama mama. Mama, ambaye hajawahi kusema uongo hata kwa wakusanya kodi, hakuinua uso kabisa.

"Mvua," Mama Gesti akasema.

"Ndiyo. Labda mwakani."

Gari liliondoka na mashuka yake. Mama aliniangalia kwa ukali. "Na wewe umesimama hapo unatazama nini?"

Niliingia ndani. Kaka alikuwa amelala chali, saa nne asubuhi, mdomo wazi, mkono umening'inia nje ya kitanda, anakoroma. Nilifunga mlango polepole ili bawaba isilie. Kisha nikaenda kuwasha pasi, kwa sababu mashati matatu ya zamu yake yalikuwa bado yako mezani, na hayatajipiga pasi yenyewe.